Shato Aliloliona Mama

Mama yangu alikuwa na shato. Nyumbani tuliliita hivyo tangu nikiwa mdogo, kwa neno la Kifaransa alilokuja nalo kutoka Bukavu. Shato ni kasri, jumba la mawe lenye minara, kama yale yaliyochorwa kwenye vitabu vya masista waliomfundisha kusoma. Alisema aliliona asubuhi ile tulipoingia Durban kwa mara ya kwanza. Tulikuwa kwenye basi kutoka Johannesburg, abiria wote wamelala, ukungu umejaa nje, na mimi nilikuwa mtoto mdogo mwenye homa, nimelala magotini pake. Akageuza uso dirishani, akaona jumba la mawe limesimama kilimani peke yake, lina minara miwili. Basi likakata kona, jumba likapotea.

Baba hakuliona. Alikuwa amelala kando yake, na kwa sababu hiyo alimtania maisha yake yote. Mtu akisema jambo lisiloaminika mezani, baba alitikisa kichwa na kusema, "Ah, hilo liko kwenye shato la mama yenu." Mama alinuna, halafu alicheka kabla ya baba kumaliza kucheka. Akifika mgeni ambaye hajasikia habari hiyo, baba aliomba isimuliwe upya ili apate kuitania upya.

Baba alifariki mwaka juzi. Tangu siku ile hakuna aliyelitaja tena shato nyumbani kwetu. Utani ulikuwa wake, nasi wengine hatukujua tuuanzie wapi.

Mwaka huu mama alikuwa anakaribia kutimiza miaka sitini. Kanisani walikwishaanza kuzungumza mambo ya keki na sare za vitenge. Jioni moja nilimkuta jikoni akiparua samaki, nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini.

"Nataka munipeleke ku shato," alisema, bila kuinua macho.

"Shato gani, Mama?"

"Yangu."

Nilicheka kidogo, nikaona hacheki. Mume wangu alikuwa mlangoni amesimama na kikombe cha chai. Yeye ni Mrundi, tulikutana hapa hapa Durban, na hakukulia ndani ya utani wetu. Kwake yeye, mama mkwe alikuwa ameomba kupelekwa mahali, basi.

"Iko upande gani, Mama?" aliuliza.

"Juu, kule tulikotokea. Mbele ya kufika Pietermaritzburg, ukitoka Johannesburg."

Mume wangu ana duka dogo la kutengeneza simu, na akishika jambo haliachi mpaka aone mwisho wake. Usiku na mchana wiki ile alikuwa akitafuta kwenye simu. Siku moja alinijia saluni wakati nina kichwa cha mteja mikononi, akanionyesha picha. "Yapo," alisema. "Makasri. Huko juu kwa wakulima, watu walijenga makasri kweli kweli." Kulikuwa na jumba moja lenye minara ambalo sasa ni ukumbi wa harusi. Kulikuwa na ngome ya zamani ya askari wa Kiingereza. Kulikuwa na picha nyingine za mbali, zenye giza, ambazo hakuweza kujua zilipigwa wapi.

Nikaomba ruhusa ya Jumamosi. Kwa msusi, kuomba ruhusa ya Jumamosi ni kama mchungaji kuomba ruhusa ya Jumapili. Bosi wangu alinishika paji la uso kuona kama nina homa, kisha akasema niende, na nimletee picha.

Asubuhi hiyo tulimkuta mama chini, mbele ya jengo letu pale Berea, ametangulia kushuka. Alikuwa amevaa liputa, vazi lake la kitenge la bluu la sikukuu, nguo tatu kamili, kilemba kimesimama, viatu vyeupe, mkoba begani, na rangi ya mdomo ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba wa baba.

"Mama, tunaenda mashambani," nilimwambia. "Kuna matope."

"Mutu haendi ku shato na kandambili," alijibu, akafungua mlango wa mbele wa gari letu akaketi.

Mimi nikakaa nyuma pamoja na chakula: ndizi za kukaanga, samaki, pilipili kwenye chupa ya jamu, na chai kwenye termosi. Tukapita Pinetown viwanda vikiwa bado kimya na watu wa zamu wakishuka kwenye teksi, kisha barabara ikaanza kupanda. Mtu anayeishi Durban anajua kwamba bahari huwa na jua wakati huko juu hakuna kitu. Ukungu ulitupokea taratibu. Kwanza vilele vya miti vilipotea, halafu miti yenyewe, halafu malori yaliyokuwa mbele yakabaki taa nyekundu tu. Mume wangu akapunguza mwendo. Redio ilikoroma ikakata, akaizima.

Mama alikuwa amesogeza uso karibu na kioo. Pumzi yake ilifanya duara jeupe, akalifuta kwa ncha ya kitenge, likarudi, akalifuta tena. Sikuwahi kumwona hivyo tangu nizaliwe. Sokoni anapouzia vitenge, macho yake hayatulii: huyu anagusa kitambaa, yule anataka kuondoka bila kununua. Ndani ya ule weupe hakuwa na cha kuangalia, na bado aliangalia.

Kasri la kwanza tulilikuta baada ya kupita Pietermaritzburg, mwisho wa njia iliyopandwa maua pande zote. Ukungu ulikuwa umepungua, na minara ilitokea juu ya miti, mmoja baada ya mwingine.

Getini mlinzi alitusimamisha. "Leo kuna harusi," alisema kwa Kiingereza. "Wageni walioalikwa tu."

Kabla mume wangu hajaanza kuomba, mlinzi aliinama kidogo akamwona mama, na kile kilemba, na ile liputa. Akabadilika. "Samahani, Ma," alisema. "Pitieni, egesheni upande wa kushoto." Akafungua geti.

"Anafikiri sisi ni wa harusi," nilinong'ona.

"Mimi sijasema neno," alisema mama.

Tuliegesha kushoto. Mama alishuka, akanyoosha nguo, akatembea kwenye zulia jekundu lililotandikwa juu ya nyasi kana kwamba ameitwa kwa jina. Wanawake wawili waliobeba viti walimsalimu kwa heshima. Mmoja alimpa glasi ya juisi, akaipokea. Sisi tulibaki nyuma yake kama watoto, tukiogopa kufukuzwa. Alifika ukutani, akaweka kiganja juu ya mawe, akakaa hivyo kwa muda. Halafu akagonga jiwe moja kwa kifundo cha kidole. Likalia tupu, kama debe.

"Haiko hii," alisema. "Hii ni ya juzi. Wamebandika mawe usoni."

Alimaliza juisi, akarudisha glasi kwa yule mwanamke, akawatakia maharusi baraka, na kwa kuwa maneno hayo yalitoka moyoni, mwanamke yule alimkumbatia. Tukaondoka. Mlinzi alitupungia mkono, akishangaa, naamini, wageni gani huondoka kabla bibi harusi hajafika.

Garini mama alikuwa na furaha ya ajabu. Alikula ndizi. Alisimulia jinsi alivyowaoza watu wengi mwaka ule kwa vitenge vyake, maana kila harusi ya Wakongo wa Durban inapita mezani pake. Hapo katikati ya maneno mume wangu akamuuliza, kama mtu anayeuliza njia, "Mama, lile basi lenu lilipita barabara hii kubwa?"

"Hapana," alisema mama. "Ku barabara kubwa lori lilikuwa limeanguka. Dereva alikata kando, akapita ndani ndani, kwa wakulima. Tuliruka-ruka usiku muzima mpaka kulipokucha."

Niliacha kutafuna. Nilikuwa nimesikia habari za shato mamia ya mara, na lori lile sikuwahi kulisikia. Tulimcheka miaka yote ile, na hakuna aliyekuwa amemuuliza swali la njia.

"Basi tuiache hii," alisema mume wangu, akatoka kwenye barabara kuu.

Njia za ndani ni nyembamba, zina ng'ombe, mabwawa, na safu ndefu za miti iliyopandwa na watu waliotaka kivuli wakati wao na wasiwe na uhakika wa kukiona. Ukungu ulikuwa unatembea huko peke yake. Tuliingia ndani yake tukatoka, tukaingia tena. Kuna mahali tulipita farasi mmoja mweupe kando ya uzio, na nilipogeuka kumtazama sikumwona farasi wala uzio. Nadhani nilisinzia, maana nakumbuka nikimsikia baba akikohoa pale mbele, kikohozi chake cha asubuhi, na nilipofungua macho alikuwa mume wangu akisafisha koo, na tulikuwa tumesimama mbele ya ile ngome.

Ilikuwa ndogo. Hilo lilitushangaza wote. Mtu akisikia ngome anafikiri kitu cha kuziba mbingu, lakini hii ilikuwa chumba cha mawe cheusi, mraba, pembeni mwa kanisa dogo, na kuku walikuwa wakichakura ukutani. Mlango ulikuwa na kufuli. Mama alisimama katikati ya nyasi na viatu vyake vyeupe, akaiangalia kwa huruma.

Mwanamke wa Kizulu wa makamo alitoka kwenye bustani ya nyumba ya jirani, anafuta mikono kwenye aproni. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye mkanda wa aproni ile ile. Mama alimsalimu kwa Kizulu. Ni Kizulu cha sokoni, kizuri kwa vipimo na rangi, na kwa kuulizia watoto wa mtu. Yule mwanamke alifurahi, akamjibu "Mama," akatufungulia.

Ndani kulikuwa na harufu ya majivu na panya. Kuta zilikuwa nene, na kila upande kulikuwa na tundu refu jembamba ambalo mwanga uliingia kwa shida.

"Ya nini?" aliuliza mama, akiingiza mkono kwenye tundu mpaka kiwiko.

"Ya bunduki," alisema yule mwanamke.

"Walikuwa wanaogopa nani?"

"Sisi." Akacheka. "Babu zetu." Halafu akautikisa ufunguo. "Sasa ninafungua na kufunga mimi. Na paa linavuja, nao hawaji kulitengeneza."

Walicheka wote wawili mpaka kuku wakakimbia. Ndipo mama, akiwa bado ana mkono ndani ya tundu la bunduki, akamweleza nyumba anayoitafuta: kilima, minara miwili, barabara inayokata kona chini yake. Alieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Sikutaka kumtazama usoni yule mwanamke. Nilishazoea jinsi watu wanavyotabasamu sehemu hiyo ya hadithi.

"Ninaijua," alisema.

Alitueleza taratibu, mara Kizulu, mara Kiingereza, ili sote tuelewe. Mkulima mmoja mwenye mali aliijenga zamani, kwa mkewe aliyekuwa analilia kwao. Watoto wao hawakuitaka. Baadaye familia za wafanyakazi wa shamba zikakaa mle miaka mingi, kila familia na chumba chake, jiko nje. Kisha majira ya baridi moja moto wa nyasi ulipanda kilima ukala paa. Hakufa mtu. Wakahamia mabondeni, na nyumba ikaachwa.

"Fuateni barabara ya zamani mpaka kwenye daraja la chuma," alisema. "Halafu muangalie juu."

Kutoka pale hadi darajani mama alishikilia mkoba wake kwa mikono miwili. Tulivuka polepole. Tukaangalia juu, palikuwa na ukungu. Mume wangu alizima gari. Tukasubiri, mto unapita chini yetu bila kuonekana, na baada ya muda ukungu ukasogea pembeni kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Palikuwa na kilima, na juu yake palikuwa na jumba. Mnara mmoja ulikuwa mzima. Wa pili ulikuwa umekatika juu.

"Njo ile," alisema mama, kwa sauti ndogo kabisa.

Mzee aliyekuwa anachunga ng'ombe pale chini alitwambia tupande tu, geti halifungwi, tulirudishe tukipita. Njia ya shamba ilitupeleka mpaka karibu, na hatua za mwisho tulitembea. Viatu vyeupe viliharibika hapo. Mama hakuviangalia.

Jumba halikuwa na paa wala dirisha. Mti ulikuwa umeota katikati ya sebule na matawi yake yalitokea pale ambapo zamani palikuwa na ghorofa. Nyasi zilikuwa laini, kijani, zimelowa, na sauti zetu zilirudi kwetu baadaye kidogo kuliko ilivyotakiwa. Nilipita chumba hata chumba. Kwenye kimoja mtu alikuwa ameandika hesabu za kujumlisha ukutani kwa mkaa, mwandiko wa mtoto. Kwenye kingine kulikuwa na kitanda cha chuma kimefunikwa na maua ya porini. Mume wangu alikuwa amevua kofia bila kujua.

Mama hakuingia. Nilimkuta nje, upande wa mashariki, mbele ya mkaratusi. Kulikuwa na waya umefungwa kwenye pete ya chuma ukutani mwa mnara, ukavuka mpaka kwenye mti, na mti ulikuwa umenenepa ukaumeza mwisho wake. Alikuwa ameushika kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

"Kulikuwa na mwanamuke hapa," alisema. "Anaanika nguo."

"Lini, Mama?"

"Siku ile. Mashuka, na nguo za watoto. Nilimuona vizuri, alikuwa na kibano cha nguo mdomoni." Akaupapasa ule waya. "Hiyo sikuwahi kuisema. Baba yako angelicheka zaidi: shato na nguo za kufua."

Nikangoja. Mama hasukumwi.

"Usiku ule nilikuwa nimekata shauri," alisema. "Tukifika tu Durban, nikutafutie dawa, halafu nirudi nawe kwa mama yangu. Hata na vita ya kwetu, na yote. Baba yako abaki, yeye njo alitaka kuja. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia. Ulikuwa unawaka kama jiko, na sikujua hata 'maji' wanasema namna gani hapa. Halafu nikaona ile shato, nikaogopa. Nikasema, wenye kukaa mule watatufanya nini? Halafu nikamuona huyo mwanamuke na nguo zake. Mweusi kama mimi. Nikasema, ah. Hata kule juu iko nguo za kufua."

"Na baba hakujua?"

"Alikuwa amelala. Nilitaka kumuamsha aone, nikasema, aache apumuzike, amechoka." Akatabasamu, macho yamejaa maji. "Miaka yote ananicheka, na mimi ninamuangalia tu. Ninasema moyoni, wewe cheka. Hiyo nyumba njo ilikuachia mimi, bibi yako."

Nilimkumbatia pale pale, na kilemba chake kikanikwaruza shavu. Nilifikiri juu ya baba mezani, kijiko mkononi, akimtania, na mama akicheka mapema, na nikaona kwamba kile kicheko chake sikuwahi kukielewa.

Mvua ikatukuta hapo. Ilikuja ghafla kutoka bondeni, tukakimbia ndani, na ndani hapakuwa na ndani. Mahali pakavu palikuwa tu chini ya tao la mlango mkuu, kwa sababu ukuta ni mnene. Tulijipanga watatu, migongo kwenye jiwe, matone yakishuka mbele yetu na nyuma yetu, sebuleni na uwanjani sawasawa. Mume wangu alikimbia garini akaleta chakula. Tulikula samaki kwa mikono, tukapokezana kifuniko cha termosi. Mama alimwuliza kama mvua ya Burundi inanuka hivi, akasema inanuka hivi hivi. Wakabishana kidogo kuhusu mvua ya Bukavu.

Ilipokatika, ukungu ulirudi mwembamba, wenye mwanga ndani yake. Tulirudi garini. Mama alisimama upande wa dereva badala ya upande wake.

"Mukwe," alisema. "Kuendesha hii kitu ni nguvu?"

Mume wangu aliniangalia. "Siyo ngumu, Mama. Polepole tu."

"Hapa hakuna askari wala roboti, zile taa za njia panda."

"Hakuna, Mama."

Akampa kiti. Nilitaka kukataa, lakini mume wangu alikwishaketi upande wa pili, mkono wake kwenye breki ya mkono, anamwonyesha miguu ifanye nini. Gari liliruka mbele, likazima. Likawaka, likaruka, likazima. Mara ya tatu likatembea. Mama alipiga kelele ya mtoto, tukaanza kushuka njia ya shamba kwa mwendo wa ng'ombe, magurudumu yakifuata mifereji ya njia yenyewe, nyasi zikisugua tumbo la gari.

Karibu na geti nilishuka nikatangulia kulifungua. Lilikuwa zito na limelowa. Nililisukuma mpaka mwisho, nikalishika lisirudi, nikageuka kuwangoja. Gari lilitokea kwenye ukungu taratibu, taa zinawaka. Mume wangu alikuwa anaongea naye bila kupumzika. Mama alikuwa amesogea mbele kabisa, kifua karibu na usukani, kilemba kimegusa paa, na waipa zilikuwa zikifuta kioo kikavu huku na huku, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia jinsi ya kuzizima.